Kung'oa mvumo wa 50 Hz: kwa nini hesabu fupi huzaa matatizo marefu

Ukirekodi mahojiano sebuleni au kwaya kanisani, kisha ukasikiliza usiku kwa hedifoni kukiwa kimya, mara nyingi utaukuta: mvumo mzito, haupandi haushuki, umelala chini ya kila neno. Huo ni umeme wa ukutani. Tanzania, Kenya na sehemu kubwa ya dunia, umeme wa majumbani hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, yaani 50 Hz. Marekani ni 60. Waya wa maiki uliopita karibu na transfoma, ethi isiyo sawa, au mikisa na kompyuta zilizochomekwa soketi tofauti kisha zikaunganishwa kwa waya wa sauti, kila kimoja kinatosha kuuingiza kwenye rekodi.

Programu karibu zote za kuhariri sauti zina kitufe cha kuuondoa. Mtu hudhani hii ndiyo kazi nyepesi kuliko zote: sauti ni moja, masafa yake yanajulikana, si ufute tu. Anabonyeza. Mvumo unaondoka na besi nayo imeondoka. Anapunguza makali, besi inarudi, mvumo nao umerudi. Anajaribu mpangilio wa tatu, sasa kila ngoma ikipigwa inaacha mkia unaovuma. Programu haijaharibika. Ni kwamba kazi hiyo ndogo imekusanya karibu kila tatizo linalomsumbua mbunifu wa vichujio vya sauti, na ukiielewa hiyo moja, nyingi nyingine utazitambua ukikutana nazo.

Sauti ikishaingia kwenye kompyuta inakuwa mfululizo wa namba. Kwa kiwango kinachotumika sana kwenye video, namba hizo, yaani sampuli, ni 48,000 kila sekunde. CD hutumia 44,100. Kichujio dijitali ni hesabu inayorudiwa kwa kila sampuli: chukua iliyoingia sasa hivi, chukua na zilizoitangulia, zidisha kila moja kwa namba yake, jumlisha, toa jibu. Hizo namba za kuzidishia, ambazo hapa nitaziita vizidishi, ndizo zinazoamua kipi kipite na kipi kibaki. Kubuni kichujio ni kutafuta vizidishi.

Vichujio hivi vina koo mbili. Ukoo wa FIR hutazama sampuli zinazoingia tu. Ukoo wa IIR hutazama zinazoingia, halafu hurudisha ndani ya hesabu majibu yake yenyewe ya nyuma. Kwa sababu hiyo FIR ukiigonga mara moja italia kwa muda uliopangwa na kunyamaza, ilhali IIR kwa nadharia hainyamazi kamwe, inafifia tu. IIR ndogo inayotumika kila mahali, kuanzia mikisa ya studio hadi simu yako, ni hii (x ni sampuli inayoingia, y ni jibu, [n] ni sasa hivi, [n−1] ni iliyotangulia, na a na b ni vizidishi):

y[n] = b0·x[n] + b1·x[n−1] + b2·x[n−2] − a1·y[n−1] − a2·y[n−2]

Vizidishi vitano tu. Kwa sampuli 48,000 hiyo ni mizidisho 240,000 kwa sekunde, kazi ambayo simu ya bei ya chini haiihisi. Ukitaka 50 Hz ife kabisa, ukiacha pembeni ukubwa wa jumla wa sauti, unaweka b0 na b2 ziwe 1, na b1 iwe −1.999957. Viwili vilivyobaki, a1 na a2, vinaamua upana wa pengo unalolikata. Kichujio cha namna hii huitwa nochi.

Upana ndio mwanzo wa mgogoro.

Chukua gitaa la besi la nyuzi nne. Noti ya G, kwenye uzi mnene kabisa, freti (kijichuma cha shingoni) ya tatu, ina masafa ya 49 Hz. Iko jirani kabisa na mvumo. Ukikata pengo lenye upana wa 10 Hz kuzunguka 50, noti hiyo inapoteza desibeli 14, yaani msingi wake, masafa yake ya chini kabisa, unabaki na moja ya tano ya ukubwa wake. Mpiga besi atakuuliza umefanya nini. Ukifinya pengo liwe 1 Hz, G inapoteza chini ya desibeli moja, hakuna atakayegundua. Mbona basi watu wote hawatumii 1 Hz?

Sababu ya kwanza ni kwamba umeme haukai 50 kamili. Mzigo kwenye gridi ukizidi masafa yanashuka kidogo, ukipungua yanapanda. Jenereta ndogo huyumba zaidi. Tuseme wakati unarekodi yalikuwa 49.8. Pengo la 10 Hz bado litauzima mvumo huo kwa desibeli 28. Pengo la 1 Hz litaupunguza kwa desibeli 8 na nusu hivi, na utaendelea kuusikia. Isitoshe, mvumo hauji peke yake: huja na 100, 150, 200 na kuendelea, na kosa linakua pamoja nao. Msingi ukiteleza hadi 49.8, wa kumi unakuwa 498, umekosa shabaha kwa 2 Hz nzima.

Sababu ya pili ni muda. Nochi ya upana wa 1 Hz, ukiigonga kwa mlio wa ghafla kama wa ngoma, huchukua sekunde 2 na ushei hadi mlio wake wenyewe ushuke kwa desibeli 60. Ile ya 10 Hz huchukua kama sekunde 0.22. Na mlio huo uko masafa gani? 50 Hz. Yaani kichujio ulichokiweka kiondoe mvumo kinazalisha mvumo kila ngoma inapopigwa. Ule mkia tuliousema mwanzoni ndio huo. Vilevile mwanzoni mwa rekodi kinachelewa kuamka: sekunde ya kwanza mvumo unasikika, kisha unafifia polepole.

Hapa hatugombani na ubovu wa programu. Ukitaka kutenganisha masafa mawili yaliyokaribiana, lazima usikilize kwa muda mrefu. Ukisikiliza kwa muda mfupi, yanachanganyika. Dennis Gabor, mwanafizikia mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Uingereza, aliliweka jambo hili kwenye hesabu za mawasiliano mwaka 1946. Hakuna kompyuta inayolivunja. Kila kichujio kikali kina kumbukumbu ndefu, na kumbukumbu ndefu husikika.

Sasa tuseme umekubali upana wa kati, labda 4 Hz, na unataka kukiweka kichujio chako kwenye kifaa kidogo cha bei nafuu kinachofanya hesabu kwa biti 16, yaani kila namba huandikwa kwa tarakimu 16 za 0 na 1. Vifaa vya namna hiyo haviwezi kushika namba yoyote unayotaka. Vinashika namba zilizopangwa kwa hatua. Kizidishi kinachoweza kufika 2 kikiandikwa kwa biti 16, hatua moja ni 1/16384, yaani 0.000061. Kizidishi chetu cha −1.999957 kiko umbali wa 0.000043 kutoka −2, pungufu ya hatua moja. Hakiandikiki. Kifaa kitachagua kilicho karibu zaidi, ambacho ni −1.999939. Rudisha namba hiyo kwenye hesabu uone pengo limeangukia wapi: 59.7 Hz.

Umejenga kichujio cha 50 Hz na kifaa kimekupa kinachofaa karibu kabisa kwa umeme wa Marekani. Mvumo wa kwako unabaki ulivyo. Chaguo linalofuata kwa chini ni 0 Hz, kwa juu ni 84. Katikati hapana kitu.

Kwa nini iwe hivyo kwa 50 wakati kifaa kilekile, kwa biti zilezile, ukikiambia 5,000 Hz kinalenga bila kukosea hata nusu ya hezi? Hesabu ya vichujio huyapanga masafa kwenye duara: mzunguko mzima ni 48,000 Hz. Kwenye duara hilo, 50 Hz iko nyuzi 0.375 tu kutoka mwanzo. Na kizidishi b1 hutokana na kosaini ya pembe hiyo. Kosaini karibu na sifuri ni karibu tambarare: pembe inabadilika, namba haibadiliki. Masafa yote ya besi, ambayo sikio letu linayatofautisha vizuri na ambamo muziki wetu wa dansi umejenga nyumba, yanabanwa kwenye ncha ya namba zinazofanana mpaka tarakimu ya tatu baada ya nukta. Kuongeza kiwango cha sampuli, jambo ambalo wengi hudhani daima ni uboreshaji, kunazidisha tatizo hili. Kwa 96,000, pembe ya 50 Hz inapungua tena nusu.

Dawa zipo. Ya wazi ni kuongeza biti: kwa 24, kizidishi kilekile kinaangukia 50.05 Hz. Ya kijanja zaidi ni kubadili umbo la hesabu bila kuongeza biti hata moja. Ben Gold na Charles Rader, waliokuwa Lincoln Laboratory, maabara ya chuo cha MIT cha Marekani, walionyesha miaka ya 1960 kwamba ukipanga kichujio ili kihifadhi kosaini na saini ya pembe kama namba mbili tofauti, masafa ya chini hayabanwi tena. Kwa sababu saini, karibu na sifuri, hubadilika haraka pale kosaini inapolala. Kwa biti 16 zilezile, mpangilio huo unaiweka pembe yetu kwenye 49.9 Hz. Bei yake ni mizidisho zaidi kwa kila sampuli. Mimi nadhani hili ndilo jambo ambalo vitabu vya kiada vinalipita haraka kuliko inavyostahili: fomula mbili zinazolingana kabisa kwenye karatasi zinaweza kutoa sauti tofauti kabisa kwenye kifaa.

Kuna maudhi mengine ya ukoo huu wa IIR ambayo nayataja tu. Vizidishi vikikosewa kidogo upande mbaya, majibu yanayorudishwa ndani yanakua badala ya kufifia, na spika inapiga kelele ya kuumiza. Makosa ya kukadiria namba yanaweza kuzunguka ndani ya hesabu bila kuisha, kikawepo kijimlio hata sauti ikiwa imezimwa. Na ukizungusha kitufe cha ikwalaiza wakati muziki unapita, vizidishi vinaruka ghafla na unasikia mikwaruzo, isipokuwa mbunifu amevipitisha polepole kutoka thamani moja hadi nyingine.

Je, FIR? Hairudishi kitu ndani, kwa hiyo haiwezi kulipuka. Tena ina sifa ambayo wahandisi wanaipenda sana: ukivipanga vizidishi vyake viwe sawa kushoto na kulia kama sura kwenye kioo, masafa yote yanachelewa kwa muda uleule. IIR haifanyi hivyo. Huyachelewesha masafa yaliyo karibu na pengo kuliko mengine, na hilo ndilo linaloitwa kuvuruga fezi. Mwaka 1972 Thomas Parks na James McClellan, wa Chuo Kikuu cha Rice, walichapisha njia ya kutafuta vizidishi bora vya FIR kwa kompyuta, wakitumia algorithimu ya Evgeny Remez wa Umoja wa Kisovyeti ya mwaka 1934. Hadi leo ndiyo iliyomo kwenye programu nyingi za kihandisi.

Lakini jaribu kuitumia kwa mvumo wetu. Kuna kanuni ya haraka ya kukadiria urefu wa FIR: chukua desibeli unazotaka kupunguza, gawa kwa 22, zidisha kwa kiwango cha sampuli, gawa kwa upana wa mpito kati ya kinachopita na kinachozuiwa. Desibeli 60, mpito wa 10 Hz, sampuli 48,000: jibu ni zaidi ya vizidishi 13,000. Hiyo ni mizidisho zaidi ya milioni 620 kwa sekunde, dhidi ya 240,000 za nochi.

Mizidisho si hoja kubwa siku hizi. Tangu wanahisabati Cooley na Tukey wachapishe njia yao ya haraka ya kugeuza sauti kuwa masafa mwaka 1965, kuna namna ya kuipunguza mara nyingi. Tatizo ni kwamba FIR yenye ulinganifu huchelewesha sauti kwa nusu ya urefu wake. Nusu ya 13,000 ni sampuli 6,500 na zaidi, ambazo ni milisekunde 136. Kwa rekodi iliyokwisha fanyika haina shida, unaisogeza nyuma na kazi imekwisha. Kwa mwimbaji anayejisikia kupitia spika ya jukwaani, ni sawa na spika hiyo kuwekwa mita 46 kutoka alipo. Hataweza kuimba.

Halafu kuna mlio unaotangulia. Kwa kuwa vizidishi vimelingana pande zote, mlio wa kichujio nao unalingana: nusu unasikika baada ya ngoma, nusu kabla. Mkia baada ya ngoma sikio linausamehe, kwa sababu sauti kubwa huficha ndogo inayoifuata kwa makumi ya milisekunde, hata mia. Kinyume chake ni kifupi sana. Sauti kubwa huweza kuficha iliyoitangulia kwa milisekunde chache tu. Ngoma inayoanza kuvuma kabla haijapigwa, sikio linaikataa mara moja. Ndiyo maana mafundi wengi wa muziki hukubali fezi ivurugike kidogo kuliko kuisikia ngoma ikitanguliwa na kivuli chake, na mimi niko upande wao.

Mtu mwerevu atasema: punguza kiwango cha sampuli kwanza. Mvumo uko chini, basi tenga sehemu ya chini ya sauti, iendeshe kwa sampuli 1,500 kwa sekunde badala ya 48,000, ichuje huko, kisha irudishe. Ni wazo zuri na linatumika kweli. Kwenye duara la 1,500, 50 Hz iko nyuzi 12 kutoka mwanzo, na biti 16 zilizotushinda sasa zinaiweka nochi mahali pake kwa kosa lisilofika sehemu mbili za mia za hezi. FIR ya vizidishi 13,000 inakuwa ya 410 hivi. Ila pima ucheleweshaji: nusu ya 410 ni 205, gawa kwa 1,500. Milisekunde 136 zilezile, mbali na zile zinazoongezwa na kule kushusha na kupandisha sampuli. Kazi ya hesabu imepungua mara nyingi. Muda haujapungua hata chembe, maana Gabor hajali unahesabu kwa kasi gani.

Kuna njia ya mkato inayowavutia wanaoanza. Mzunguko mmoja wa 50 Hz ni sampuli 960 kwa kiwango cha 48,000, au 882 kwa 44,100. Namba kamili, inavutia. Toa kwenye kila sampuli ile iliyokuwepo 960 zilizopita, na mvumo pamoja na ndugu zake wote wa 100, 150, 200 unafutika kwa hesabu moja ya kutoa. Isikilize sauti ya mtu baada ya hapo. Mapengo yamejaa kila baada ya 50 Hz hadi juu kabisa, katikati ya mapengo sauti imeongezeka maradufu, na mzungumzaji anasikika kama yuko ndani ya bomba. Inafaa kwa kupima, haifai kwa redio.

Njia nyingine ni kuufuata mvumo badala ya kukata mahali pamoja. Mhandisi Bernard Widrow na wenzake walieleza mwaka 1975 namna ya kutumia nakala ya umeme wa ukutani kama rejea: kichujio kinajirekebisha chenyewe mpaka nakala ilingane na mvumo uliomo kwenye rekodi, kisha kinautoa. Walikitumia, pamoja na mambo mengine, kusafisha vipimo vya moyo vilivyoingiliwa na 60 Hz. Kinafuata gridi inapoyumba, na hilo nochi ya kawaida haiwezi. Lakini angalia kasi ya kujirekebisha. Ukiifanya haraka, kichujio kinaanza kula na besi. Ukiifanya polepole, kinaachwa nyuma na gridi. Hesabu zao zilionyesha kwamba kifaa hicho kinatenda kama nochi ambayo upana wake ni hiyo kasi. Tumezunguka na kurudi kwenye biashara ileile, tofauti ni kwamba sasa shabaha inatembea.

Kwa hiyo ukikabidhiwa rekodi yenye mvumo, aina ya sauti iliyomo ndiyo inayoamua. Kwa mahojiano, hatua ya kwanza ni kukata kila kilicho chini ya 80 Hz, kwa kuwa sauti ya mwanamume kwa kawaida huanzia hapo kwenda juu. Usitegemee muujiza: kichujio cha kawaida kiitwacho Butterworth, cha daraja la nne (daraja likipanda, mkato unakuwa mkali zaidi), kikiwekwa 80 kinaipunguza 50 kwa desibeli 16 tu, hivyo utaongeza nochi ya 50 juu yake, na pana tu, maana hakuna besi ya kuilinda. Kwenye 100, 150 na 200 ndipo penye uangalifu, kwa sababu umeingia ndani ya sauti ya mtu. Hapo nochi ziwe nyembamba na zisiwe nyingi. Ya 150 ikiwa haisikiki usiiguse. Kwa muziki wenye besi, anza na sehemu tupu ya rekodi kabla watu hawajaanza, pima mvumo uko wapi hasa, 49.9 au 50.1, kisha lenga hapo badala ya kulenga 50 ya kitabuni.

Hicho kipimo kitakuambia na chanzo. Kama 50 ndiyo kubwa, tazama njia za waya, transfoma iliyo karibu na ethi. Kuchomeka vifaa vyote kwenye soketi moja na kutumia waya za XLR, zile za maiki zenye pini tatu, mara nyingi kunamaliza kazi bila kichujio chochote. Kama 100 ndiyo kubwa kuliko 50, mvumo unatoka ndani ya kifaa chenyewe, kwenye pawa saplai, na kapasita zilizochoka ndizo za kushukiwa kwanza.